Mkeka wa Haru Urara

Farasi wangu wa kwanza alimaliza wa mwisho, kisha akatoka uwanjani akipunga mkono kama aliyeshinda. Namwita farasi lakini ni msichana. Ana masikio ya farasi kichwani, mkia nyuma, na nywele za waridi. Jina lake Haru Urara. Hii ndiyo Umamusume: Pretty Derby, gemu ya kampuni ya Cygames iliyotoka Japani Februari 2021 na kutufikia sisi wa toleo la Kiingereza Juni 2025. Wewe ni kocha. Kila msichana amebeba jina la farasi aliyeishi kweli, na katika dunia yao farasi wa miguu minne hawajawahi kuwepo. Msichana wako akishinda anapanda jukwaani kuimba na kudansi. Najua inavyosikika. Jamaa tunayeishi naye keja moja aliangalia skrini ya laptopu yangu dakika mbili hivi, akaniuliza kama niko sawa.

Niko sawa. Ila niliogopa gemu hii kwa sababu nyingine kabisa, na nitaifikia.

Kwanza, kuanza. Nusu saa ya mwanzo ni kama kuingia Gikomba ukiwa mgeni: kila kona inakuita na hujui umekuja kununua nini. Zawadi hapa, tiketi pale, vitufe vinawakawaka. Puuza karibu vyote. Kiini chake ni chepesi. Una miaka mitatu na msichana mmoja. Kila mwezi umekatwa mara mbili, kwa hiyo una zamu 72, na mwishoni kuna fainali. Kila zamu unachagua kitu kimoja tu: mazoezi, mapumziko, matembezi ya kumchangamsha, au mbio. Mazoezi ni ya aina tano, nami nayaita Kasi, Pumzi, Nguvu, Moyo na Akili. Njiani umewekewa malengo, kama kushiriki mbio fulani au kumaliza ndani ya tano bora. Ukikosa lengo na ukamaliza nafasi za kurudia, safari imeisha hapo hapo, hata kama ni mwaka wa kwanza.

Wazoefu watakwambia uanze na Sakura Bakushin O, na wana haki. Huyo ni wa mbio fupi, hahitaji Pumzi nyingi, unamjaza Kasi na mambo yanaenda. Mimi nilianza na Haru Urara kwa sababu alikuwa wa nyota moja, nilimpata bila kulipa, na hakuwa na sura ya mtu anayetarajiwa kushinda.

Kilichonishika ni asilimia. Msichana ana kipimo cha nishati. Kikiwa juu, unamfanyisha mazoezi bila wasiwasi. Kikianza kushuka, gemu inaonyesha uwezekano wa kufeli kabla hujabonyeza: 8, 15, 31. Ukifeli unapoteza alama, ari yake inashuka, na wakati mwingine anapata tatizo linalomfuata zamu kadhaa. Hakuna kilichofichwa. Umeandikiwa 31, ukitaka bonyeza. Na mkono unabonyeza. Unabonyeza kwa sababu zamu hii zoezi la Kasi limejaa wenzake na wakijaa hivyo alama zinazidi. Unabonyeza kwa sababu mbio ziko zamu mbili mbele. Zaidi ya yote, unabonyeza kwa sababu zamu iliyopita ulifeli na unataka kurudisha.

Kurudisha. Yeyote aliyewahi kubet anajua neno hilo lina uzito gani.

Mwaka wa pili kampasi, muhula wa kwanza, mama alinitumia shilingi 34,000. Yeye hushona nguo Kitale, na hizo pesa zilikuwa sare za shule za Januari nzima. Wakati huo nilikuwa naweka mikeka midogo, mia mbili, mia tatu, timu nane kwa mkeka mmoja, na ya nane ndiyo ilikuwa inaupasua kila wikendi. Halafu nikaingia kwa kale kandege, unajua ninakosema, kanapaa na namba inapanda mpaka kapotee. Ilichukua usiku mmoja na asubuhi yake. Nilimwambia mama kampasi kuna mgomo. Mgomo ulidumu miezi minne, na sikurudi. Sasa naandika maelezo ya viatu na blenda kwa maduka ya mtandaoni, na mara mojamoja vitu kama hivi. Mama hajawahi kuniuliza pesa zilienda wapi. Huuliza tu kama nimekula.

Kwa hiyo nilipofungua gemu ya mbio za farasi, kitu cha kwanza nilichotafuta ni mahali pa kuweka pesa. Hapakuwepo. Mashabiki wamejaa uwanjani, watangazaji wanapiga kelele, kila msichana amepangiwa nafasi kwa kadiri anavyotarajiwa kushinda, lakini hakuna anayenunua tiketi. Hebu fikiria ajabu yake. Niliwahi kwenda Ngong Racecourse Jumapili moja na mbogi ya kampasi. Ukiondoa watoto na wenye kofia nzuri, watu walikuwa wanaangalia karatasi kuliko farasi. Kando yangu mzee alikuwa na penseli ameichonga pande zote mbili. Mbio za farasi bila dau ni harusi bila chakula: watu watakuja, ila si wale wale, na hawatakaa sana.

Japani ni hivyo hivyo, na farasi hawa walipata umaarufu wao ndani ya pesa hiyo. Gold Ship, ambaye ndani ya gemu ni kichekesho kirefu kisichoshikika, mwaka 2015 alisimama kwa miguu ya nyuma getini wakati wa Takarazuka Kinen, akachelewa kutoka, akamaliza wa 15 kati ya 16. Alikuwa ndiye anayetarajiwa zaidi kushinda. Tiketi za yeni bilioni 12 hivi ziligeuka karatasi kabla hajapiga hatua kumi. Gemu inakumbuka utundu wake na kusahau karatasi.

Halafu huyu Haru Urara wa kweli. Alizaliwa 1996, akakimbia katika uwanja mdogo wa Kochi, uwanja uliokuwa umezama kwenye madeni. Alikimbia mara 113. Alishinda mara 0. Mwaka 2003 magazeti na runinga zikamgundua, na watu wakaanza kusafiri kwenda kumwona akishindwa. Machi 2004 alipandwa na Yutaka Take, joki mkubwa kuliko wote nchini humo, na akamaliza wa 10 kati ya 11. Watu walinunua tiketi zake wakijua hazitalipa. Wengine waliziweka kwenye gari kama hirizi, kwa sababu kwa Kijapani dau lisilopata na mtu asiyegongwa husemwa kwa kitenzi kimoja. Tiketi ya farasi asiyeshinda ikawa kinga ya ajali.

Hapo nilisimamisha gemu nikakaa kidogo. Mikeka yangu yote iliyopasuka, hakuna hata mmoja ulioninyima ajali yoyote.

Ningependa kukwambia kwamba gemu iliyoondoa dau imeondoa kamari. Nilitaka sana kuandika hivyo. Lakini Nairobi tuna barabara inaitwa Racecourse Road, pale Kariokor, na ukisimama hapo hutaona hata kwato. Mbio zilihamia Ngong Road miaka ya 50. Zilihama tu. Kamari ya Umamusume nayo imehamia chumba cha pili, na mlango wake uko kwenye menyu kuu, umepambwa kuliko milango yote.

Wajapani wanaita gacha, kutokana na zile mashine za kuzungusha kwa mkono zikatoa mdoli ndani ya kopo la plastiki. Hapa unazungusha kwa karati, pesa ya ndani ya gemu. Unapewa kiasi bure ukicheza, na kiasi unanunua. Karati 150 mzunguko mmoja, 1,500 kumi. Uwezekano wa kupata ya daraja la juu ni asilimia 3, na hiyo ni yoyote ya daraja hilo. Ile unayoitaka wewe iko chini ya 1. Piga hesabu: katika mizunguko kumi, karibu mara tatu kati ya nne hutapata hata moja ya juu. Ukifika mizunguko 200 unaruhusiwa kuchagua uliyoifuata. Hizo ni karati 30,000.

Na mgeni hunaswa hivi. Unafikiri unatafuta wasichana. Kumbe wanaoamua ushindi ni kadi za msaada, kadi sita unazoingia nazo kwenye safari, ndizo zinazonenepesha mazoezi. Kadi moja ya daraja la juu haitoshi kuwa moja. Ili ifike mwisho wa nguvu zake unahitaji nakala tano za kadi ile ile. Tano! Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu, kile kicheko cha kuona mwizi mwenye akili. Jambo la kufanya, kama unaanza leo, ni hili: kadi tano zako, ya sita unaazima kwa mchezaji mwingine, na kuna watu wameweka Kitasan Black iliyojazwa kabisa, bure, kwa yeyote. Azima hiyo. Karati za bure zihifadhi kwa kadi, usizitawanye kwa kila bango jipya. Pumzisha msichana mapema, usisubiri nishati iishe, maana mapumziko yenyewe ni bahati: yanaweza kurudisha 70, 50 au 30. Zoezi la Akili linarudisha nishati kidogo, litumie ukiwa katikati. Asilimia ya kufeli ikipita 20, acha.

Huo ushauri wa mwisho ni rahisi kuuandika.

Nimesikia hoja kwamba mradi kampuni imeandika asilimia wazi, mchezaji ni mtu mzima, aamue. Mimi nilikuwa mtu mzima. Kandege nako kalikuwa kananionyesha namba ikipanda, mbele ya macho yangu, hakuna aliyenidanganya. Kosa kubwa la gemu hii, na naisema kama mtu anayeipenda, ni kwamba inakufunza kitu kimoja katika chumba cha kwanza na kukitumia dhidi yako katika cha pili. Saa nzima mazoezini inazoesha kidole chako kubonyeza penye 15, penye 22, penye 31, na mara nyingi unapita salama, na ile raha ya kupita salama ni tamu kuliko alama zenyewe. Halafu inakupeleka penye 3. Kufikia hapo 3 inaonekana kama namba ya kawaida tu, ndugu yao.

Novemba nililipa. Shilingi 1,300, karati zikaingia, nikazungusha. Rangi za upinde wa mvua hazikutokea. Nilishtuka na kidole. Kilikuwa kimeshaenda kwenye kitufe cha kununua tena kabla sijaamua chochote, kwa mwendo ule ule, kama kinajua njia ya kwenda nyumbani. Nilifunga laptopu nikatoka kununua mandazi ambayo sikuyahitaji. Jioni nilimpa mwenzangu simu yangu akabadilisha neno la siri la kadi ya malipo, na hajaniambia mpaka leo. Hakuuliza kama niko sawa mara hii.

Sijaacha kucheza. Sababu ni Haru Urara, na hapa ndipo gemu inapokuwa kazi nzuri kweli. Huyu msichana ni wa mchanga na mbio fupi. Kwenye nyasi amepewa G, kwenye mbio ndefu G, na G ndiyo alama ya chini kabisa. Na lengo lake la mwisho, aliloliota mwenyewe, ni Arima Kinen: mita 2,500, juu ya nyasi, mbio ambazo Haru Urara wa kweli hakuwahi hata kuzikaribia. Hulazimiki kushinda. Lengo linasema ushiriki tu. Waandishi wake wangeweza kumpa ushindi wa bei rahisi, machozi yakatiririka, muziki ukapanda. Wamempa getini tu, basi, na mengine wamekuachia wewe.

Kuna njia. Kila msichana anayemaliza safari, hata aliyeanguka mwaka wa kwanza, anaacha cheche. Ukianza safari mpya unachagua wawili waliotangulia wamrithishe anayekuja, na cheche za waridi zinaweza kupandisha ile G. Kwa hiyo wale niliowaharibu kwa kubonyeza 31 bado wako kwenye orodha, na baadhi yao wana cheche ya nyasi ambayo washindi wangu hawana. Nimetumia wiki nikiwapanga.

Haru Urara wa kweli alikufa Septemba 2025, akiwa na miaka 29, miezi michache tu baada ya sisi wageni kumjua. Wachezaji wa nchi za mbali walikuwa wamechanga pesa za kumnunulia nyasi. Nilitaka kuchanga nikakumbuka sina kadi.

Arima yangu ya kwanza naye alikuwa wa 16 kati ya 16. Ya pili 16. Ya tatu 14. Jumapili iliyopita alitoka getini vizuri, akakaa nyuma, na kwenye kona ya mwisho akapita watano, nikasimama juu ya kiti. Alimaliza wa 9. Akapunga mkono. Mama alipiga simu nikiwa bado nimesimama hapo juu, akauliza kama nimekula, nikamwambia bado, ngoja nimalize kitu kidogo, na kwa mara ya kwanza akauliza ni kitu gani.