Taji la Archimedes: hadisi tamu, kipimo kibaya

Leo niko na ugomvi na hadisi moja tuliyosoma sisi wote: Archimedes, maji ya kuoga, taji la mfalme Hiero. Hadisi tamu kabisa. Lakini kama somo la kupima densiti, mimi naipa sifuri.

Anayeisimulia ni Vitruvius, karibu miaka 200 kiisha kifo cha Archimedes. Archimedes mwenyewe, katika kitabu chake juu ya vitu vinavyoelea, hataji taji lolote. Sasa tupige hesabu. Dhahabu ni gramu 19,3 kwa mililita, feza 10,5. Taji la kilo moja la dhahabu tupu linasukuma mililita 52 hivi. Likiwa na gramu 300 za feza, linasukuma 65. Tofauti ni 13. Katika chombo cha upana wa sentimita 20, maji yanapanda zaidi kwa nusu milimita tu, hata haifiki. Nani ataiona?

Galileo aliiona kasoro hiyo mwaka 1586, akapendekeza mizani: pima kitu hewani, kisha kipime kikiwa ndani ya maji. Hapo tofauti ile ni gramu 13, na mizani haiwezi kuikosa.

Mbona nalalamika? Nilipokuwa mwanafunzi, baba mdogo alileta kipande cha gramu 10 toka Kamituga. Nikachukua silinda ya shule, kila mstari mililita moja. Maji yakapanda kidogo, nikasoma "moja". Kumi gawa kwa moja, densiti 10. Nikamwambia kwa kiburi: baba, hii ni feza! Akakiuza siku ileile kwa bei ya bure. Kumbe dhahabu safi ya gramu 10 inasukuma nusu mililita tu. Silinda yangu haikuwa na uwezo wa kusema ndiyo wala hapana. Mpaka leo sijui kilikuwa nini.

Sikatai njia yenyewe. Jiwe la mililita 50 inalipima vizuri: jicho sawa na maji, soma chini ya mkunjo. Basi, walimu mulio humu, simulieni hadisi, lakini muulize watoto kwanza: mstari mmoja ni kiasi gani, na kitu chetu kitasukuma kiasi gani? Mimi hakuna aliyeniuliza, na baba mdogo ndiye aliyelipa.