Filme "Virunga" na sufuria ya maharagi

Bandugu, wiki hii niliangalia tena "Virunga", filme ya Orlando von Einsiedel ya mwaka 2014. Wengi wenu munaijua: walinzi wa park, gorila mayatima wa Rumangabo, vita ya M23 ya 2012, na kampuni Soco yenye ilikuwa inatafuta petroli upande wa ziwa Edouard. Ni filme ya nguvu. Ukiona vile André Bauma anabeba gorila kama mtoto wake, hata roho ngumu inalainika. Tena ilitoka kwa wakati wake: mu juni 2014 Soco ilikubali kuacha kazi ndani ya park.

Lakini mimi ni mtu wa agronomie, na kitu moja inanisumbua. Filme inatupatia adui mwenye sura, mwenye unaweza kurekodi kwa siri. Kuna mwingine hana sura, iko jikoni kwetu: mfuko wa makala.

Mukumbuke 1994. Wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, kolera ikaua makumi ya maelfu. Miti ya park ikaishia kwa moto wa kambi za Kibumba na Mugunga, na mwaka ule ule Unesco ikaweka Virunga kwa orodha ya urithi wenye uko mu hatari. Magonjwa, njaa, pori: ilikuwa shida moja.

Na nyuma ya ile? Mu kambi moja karibu na Goma, niliona shirika linagawa maharagi kavu. Maharagi inaomba masaa mawili, hata matatu kwa moto. Kuni, hakuna mwenye aligawa. Basi mama anaingia porini, anaogopa wenye bunduki. Akirudi, anapika ndani ya hema, mtoto anakohoa. Muganga anatoa siro. Sisi wa agronomie tulikuwa ng'ambo ya barabara, tunapanda miti. Hakuna hata siku moja tuliketi wote pamoja. Hata kusema tu "mama, loweka maharagi usiku, itaiva mbio", hakuna mwenye alisema. Na mimi nilinyamaza.

Filme ilitufundisha kumpenda mlinzi. Ni vizuri. Lakini yule mama, mwenye shida zote tatu zinakutana kwake, alibaki inje ya picha, sawa vile alibaki inje ya mikutano yetu. Muiangalie tena, halafu mujiulize: huku kwetu nani anapika, na anapika na nini?