Weupe wa Parthenon

Anayeitazama Parthenon leo, juu ya kilima cha Akropolis jijini Athens, huona madoa. Nguzo ina rangi ya asali, mara katikati yake kimepachikwa kipande cheupe pe, na juu kidogo kingine. Wapo wanaolalamika kwamba ukarabati umeliharibu hekalu. Mimi mafundi wale nawasifu kwa moyo wote.

Hekalu lilianza kujengwa mwaka 447 KK. Mwaka 1687 Waosmani walikuwa wameweka baruti ndani yake, kombora la jeshi la Venice likailipua. Katika miaka ya 1920 mhandisi Nikolaos Balanos aliisimamisha tena safu ya nguzo za kaskazini, na kwa macho ilipendeza. Lakini mawe yaliyomeguka aliyakata yawe bapa ili yakae sawa, kisha akayaunga kwa vyuma. Wajenzi wa kale nao walitumia vyuma, ila walivimiminia risasi ili visishike kutu. Vya Balanos viliachwa vitupu. Vikashika kutu, vikavimba, vikaipasua marumaru.

Kamati ya kuhifadhi Akropolis iliundwa mwaka 1975. Vyuma vile vikaanza kung'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na titani, isiyoota kutu. Lakini uhodari wenyewe uko kwa mchonga mawe. Jiwe la kale halikati hata kidogo. Huchukua nakala ya plasta ya pale lilipomeguka, na kila shimo na kila kinundu chake, kisha hupima nukta moja baada ya nyingine na kuzihamishia kwenye marumaru mpya, iliyochimbwa katika mlima uleule wa Penteli walikochimba wale wa kwanza. Hugonga patasi, hupima, hugonga tena, hadi vipande viwili vishikane barabara. Jiwe jipya ndilo linalotii.

Na weupe wake hauonewi haya. Unamwambia mtazamaji waziwazi kipi kilichongwa hekalu lilipojengwa, enzi za Perikles aliyeiongoza Athens, na kipi ni cha juzi. Hata hivyo hautadumu: marumaru ya Penteli ina chembechembe za chuma, na kadiri miaka inavyopita hewa na mvua huigeuza rangi.

Basi ukijaliwa kufika Athens, usiyakwepe madoa hayo unapopiga picha. Utafute mstari ambapo jipya limekutana na la kale, uutazame vizuri, kwa maana kazi bora kilimani pale katika zama zetu ni hiyo.