Ukizima Kinanda

Nyeri ukisema mtu mmoja na gitaa, kila mtu anawaza mugithi: Jumamosi usiku, baa imejaa, kinanda kinatoa midundo yenyewe, na sisi tumeshikana mabega tukizunguka meza kama mabehewa. Ndiyo maana Take Love Easy ilinishtua. Albamu hii ya jazi, Ella Fitzgerald na Joe Pass waliirekodi mwaka 1973. Hakuna ngoma, hakuna besi. Ella alikuwa na miaka 56 na sauti imeanza kukwaruza kidogo. Kwenye bendi kubwa, tarumbeta zingemfichia. Hapa mkwaruzo unausikia wote, na mimi naupenda hivyo hivyo.

Pass naye, manze, anajua kunyamaza. Anaacha neno lipite, lifike, ndipo anajibu. Sikiza "Lush Life" kwenye matatu ya Karatina asubuhi ya ukungu, utapitishwa steji yako.

Kasoro ipo: nyimbo tisa, karibu zote polepole. Kufika ya saba nilikuwa nachungulia simu.

Lakini wasanii wetu wa mugithi, vidole si wanavyo? Natamani mmoja azime hicho kinanda, hata kwa wimbo mmoja tu, tuone kama tutakaa kusikiliza.