Kuuliza kwa Nusu ya Neno

Mwalimu yeyote aliyesimama mbele ya darasa Mbinga, Liuli au Lituhi, mkoani Ruvuma, anajua namna ya kuliacha neno katikati. “Sehemu ya mmea inayofyonza maji ardhini inaitwa mi...?” Darasa zima linadakia: “Mizizi!” Hajawapa jibu, wala hajawanyima. Amewapa silabi moja, na silabi hiyo imetosha kulitoa neno ambalo walikuwa nalo tayari, ila hawakujua wameliweka wapi.

Upo ufundi wa kompyuta unaoishi kwenye silabi hiyo, nami naupenda sana. Ni ufundi wa kutafuta amri ndani ya kihariri matini kwa kuandika kipande tu cha jina lake. Programu inakuletea papo hapo kila jina lenye kipande hicho, na orodha inapungua kadiri unavyoongeza herufi. Wanaouona kwa mara ya kwanza husema unapunguzia vidole kazi. Ni kweli, lakini hiyo ni faida yake ndogo. Faida kubwa ni kwamba umeruhusiwa kuuliza kabla hujalijua jina la unachokiuliza.

Kihariri ninachokitumia ni Emacs. Kilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. Toleo la GNU, ambalo ndilo tulilonalo leo, likatoka mwaka 1985. Kazi yake ni maandishi matupu: kuyaandika, kuyapanga, kuyachambua, kuyasafisha. Ndani yake kila tendo, hata kusogeza kishale herufi moja mbele, ni amri yenye jina. Amri hizo ni maelfu. Ukibonyeza Alt pamoja na x, mstari wa chini kabisa wa skrini unafunguka na kusubiri utaje jina. Na majina yote hayo ni ya Kiingereza, wakati anayeulizwa huenda amekua akisikia Kimatengo jikoni, akasomeshwa kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza cha sekondari.

Kazi yangu kwenye kihariri hicho ni orodha ya maneno. Nakusanya msamiati wa kilimo cha ngoro kutoka kwa wazee wa milimani na majina ya samaki kutoka kwa wavuvi wa mwambao wa Nyasa. Asiyeijua ngoro na apande Umatengo aione. Kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa hata kuitembea, nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikia nyasi hizo, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua inatuama humo badala ya kukimbia na udongo, nyasi zinaoza chini ya maharage na kuwa mbolea. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba, na kila hatua ina neno lake. Mwanaisimu Nobuko Yoneda alichapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, na Rasmus Bernander akaandika tasnifu juu ya sarufi ya Kimanda katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2017. Orodha yangu inafuata njia waliyoifungua, kijiji kwa kijiji.

Orodha ya namna hii huchafuka. Neno hilohilo linatajwa Litembo, linatajwa tena Maguu, linaingia mara mbili. Nataka kufuta mistari iliyojirudia na sijui amri yake inaitwaje. Naandika dup, mwanzo wa neno la Kiingereza la kurudufu. Kati ya maelfu linabaki fungu dogo, na ndani yake imo delete-duplicate-lines, pembeni yake sentensi moja ya maelezo. Kama ningeandika line, yangenijia majina mengi mno, kwa sababu karibu kila amri katika kihariri inagusa mstari. Ustadi wenyewe uko hapo: kukichagua kile kipande adimu. Mwenye uzoefu haandiki herufi za mwanzo za jina. Anajiuliza ni sehemu ipi ya jina ambayo wengine hawana, na anaandika hiyo.

Lakini siku ya kuandika line nayo ina malipo yake. Ukiwa na nafasi ya kusoma, unateremka na orodha na kukutana na majirani wa kile ulichokitafuta: amri ya kupanga mistari kwa alfabeti, amri ya kubakiza mistari yenye neno fulani tu, na nyingine ya kuiondoa yote yenye neno hilo. Hapa ndipo kihariri kinapolizidi darasa. Darasa linataka jibu moja, tena kwa sauti moja. Orodha inakuonyesha yote yanayolingana na ulichosema, na mengi kati ya hayo hukuwa na swali lake bado. Amri ya kubakiza mistari niliipata hivyo, na leo ndiyo ninayoitumia kutenga samaki wote walio kwenye orodha kwa jina la mbasa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mapema katika miaka ya 1970, mfumo wa TENEX wa kampuni ya BBN uliwaruhusu watumiaji kuandika herufi za mwanzo za amri na kubonyeza kitufe ili mashine imalizie. Emacs ikaurithi mwenendo huo kwa kitufe cha Tab. Ulikuwa msaada mkubwa, ila ulimdai mtu ajue jina linaanzaje, na ilibidi aombe ndipo aonyeshwe. Vizuizi hivyo viliondolewa na watu wengi, mmoja baada ya mwingine, wakiandika programu nyongeza na kuzitoa bure. Ido ya Kim Storm iliingia rasmi katika Emacs mwaka 2007; hiyo ilitafuta hata katikati ya jina na kuonyesha matokeo bila kungoja Tab. Cornelius Mika akaandika Smex, iliyotanguliza amri unazozitumia mara kwa mara. Ikaja Helm, pana na yenye kila kitu, kisha Ivy ya Oleh Krehel mwaka 2015. Mimi nimetulia na Vertico ya Daniel Mendler, ya mwaka 2021, kwa sababu ni ndogo na inafanya jambo moja: inaipanga orodha wima, isomeke. Pembeni yake naiweka Marginalia, inayoleta yale maelezo ya sentensi moja, na Orderless ya Omar Antolín Camarena.

Orderless inastahili kuelezwa kidogo. Inakubali vipande kadhaa vilivyotenganishwa kwa nafasi, kwa mpangilio wowote, kutoka popote ndani ya jina. Kwa Mwingereza huo ni urahisi tu. Kwa lugha zetu ni zaidi ya urahisi, maana maneno yetu hayaanzii kwenye mzizi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inamweka mkulima kwenye M, kilimo kwenye K na lima kwenye L, na msomaji anazunguka kurasa tatu kutafuta ukoo mmoja. Kutafuta kwa herufi za mwanzo kunarithi tabu hiyohiyo: ukiandika m umeita nusu ya viumbe. Kwenye orodha yangu naandika lim, na wote wanafika kwa pamoja, mkulima, wakulima, kilimo, kulimia. Wanafika pia mwalimu, ulimi na milima, ambao hawahusiki. Naongeza nafasi na ku, hao watatu wanaondoka, nabaki na mkulima, wakulima, kulimia. Kilimo nacho kimeachwa nje; nikikihitaji nabadilisha ku kuwa ki. Kimatengo, Kinyasa na Kimanda vimejengwa vivyo hivyo, viambishi mbele na mzizi ndani. Sidhani Camarena alikuwa na lugha za Ruvuma akilini alipoandika programu yake, lakini sijaona chombo kingine cha kutafutia maneno kinachozitendea haki namna hii.

Wengi wetu tulizoea kuzungumza na mashine kwa njia nyingine. Menyu za kutuma pesa kwa simu zinakupa namba: bonyeza 1, bonyeza 4, bonyeza 2. Mpangaji wa menyu ameshaamua nini kiko chini ya nini, nawe unashuka ngazi zake moja moja. Menyu inamfaa mtu mwenye machaguo machache. Kwa maelfu ya machaguo inageuka kuwa jengo ambalo lazima ulikariri ramani yake.

Yapo pia mazingira tunayofanyia kazi. Songea ilikuwa ikitegemea jenereta za dizeli mpaka 2018, ilipofika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na sasa barabara ya lami kutoka Mbinga inateremka hadi Mbamba Bay. Hata hivyo mtu anayejifunza kihariri huku mara nyingi hana mwenzake wa kumuuliza, na mtandao wa simu hukatika ukiwa kati ya vilima. Emacs inabeba maelezo yake yote ndani. Ikishawekwa kwenye kompyuta, hata kwa kunakiliwa kutoka kwenye flashi, haihitaji bando ili ikuambie amri fulani inafanya nini. Na toleo la 30, lililotoka mapema mwaka 2025, limeifikisha rasmi kwenye simu za Android. Kuandika jina la amri lenye maneno matatu kwa kidole gumba ni adhabu. Kuandika herufi tatu kunavumilika. Kijana mwenye simu tu, asiye na kompyuta, anaweza kuanza leo.

Kinachonishughulisha sasa ni majina yenyewe. Emacs inamruhusu mtumiaji kuipa amri jina la pili kwa mstari mmoja wa msimbo, kwa kutumia defalias, na jina hilo linaingia kwenye orodha pamoja na mengine. Nimezipa amri za kazi yangu majina ya Kiswahili: hesabu-maneno, panga-mistari, futa-mistari-iliyojirudia. Ukiandika mistari, hizo mbili za mwisho zinakuja bega kwa bega. Maelezo ya pembeni yangebaki ya Kiingereza, ila defalias inapokea pia sentensi ya maelezo, kwa hiyo mwanafunzi akiandika futa anasoma: Futa mistari iliyojirudia, bakiza wa kwanza.

Kuchagua jina kwa ajili ya mtu atakayelitafuta kwa kipande ni kazi ya kufikiri. Amri ya kubadilisha neno mahali pote nilitaka kuiita geuza-neno, kwa kuwa ni fupi. Nikaona kwamba mwanafunzi wangu ataandika badili, na mwenzake ataandika badilisha. Badilisha inao badili ndani yake, hivyo badilisha-neno linapatikana kwa vyote viwili. Geuza lisingepatikana kwa chochote kati ya hivyo. Ya kutafuta ina ugumu zaidi, maana wa mjini atasema tafuta na wengine watasema saka, na hakuna neno linalobeba yote mawili. Hiyo nimeipa majina mawili, na mtu akiniletea la tatu kutoka mwambaoni nitaliongeza.