Kibao cha Mlima Sekenke

Anayetoka Kahama kwenda Dar es Salaam hukatisha tambarare kwa saa nyingi: Kagongwa, Isaka, Tinde, Nzega, Igunga. Mlima wa kweli anaukuta akishapita Shelui, pale Sekenke. Wajerumani walichimba dhahabu huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini madereva wetu wa pamba na mpunga waliujua mlima kwa gia nzito na, wakirudi nyumbani, kwa breki zilizonuka moto.

Wasafiri hupiga picha za bonde, mara chache za kibao cha onyo. Ndiyo maana nawaheshimu sana wachache waliosimama kando ya barabara na filamu ya slaidi wakakielekezea kamera. Kibao ni kazi ngumu. Pembetatu nyeupe juani hurudisha mwanga mwingi. Ukizidisha kidogo, weupe unameza mchoro wa gari na mteremko. Ukipunguza, ukingo mwekundu unageuka mweusi. Katika filamu ya kawaida, fundi wa studio huweza kuokoa picha anapoisafisha kwenye karatasi. Slaidi haina nafasi hiyo. Filamu iliyopigwa ndiyo picha yenyewe: inasafishwa, inakatwa, inatiwa kwenye fremu ya kadi, milimita 24 kwa 36. Ukiiinua dirishani, umeshika kipande kilekile kilichokuwa mlimani, kikaguswa na mwanga uliotoka kwenye kibao.

Kwenye slaidi ninayoipenda zaidi, kutu imechuruzika kutoka bolti ya juu hadi kwenye ncha ya mteremko. Hata nyuzi za bolti zinahesabika. Mpigaji hakuweza kujua kama amepata: filamu yake ya slaidi, Kodachrome, iliyouzwa kwa kamera za kawaida tangu 1936, ilitiwa rangi wakati wa kusafishwa, kazi iliyofanywa na maabara chache za ng'ambo. Filamu ikaenda kwa posta, yeye akasubiri. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Kansas, Marekani, iliacha kupokea filamu hizo mwishoni mwa 2010.

Vibao vyenyewe hubadilishwa barabara inapojengwa upya, na chuma cha zamani kina wanunuzi; huenda kinachobaki ni slaidi tu. Kwa hiyo ukikuta boksi la slaidi kwa mzee wako, usilichoshe kwa projekta, maana taa yake hufubaza Kodachrome upesi kuliko miaka mingi ya gizani. Mwulize mzee ni mlima gani na mwaka gani, uandike kwa penseli kwenye kadi, akiwa bado anakumbuka.