Boneti Iliyogoma Kulala

Fundi mzuri wa boneti haanzi na boneti. Nililijua hilo Mombasa, chini ya mkungu, mbele ya Morris Minor 1000 ya ami yangu, gari la rangi ya maziwa ya unga ambalo boneti yake ilikuwa imegoma kulala.

Kwenye lami ilitetemeka kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe. Kwenye matuta iliruka na kurudi kwa kishindo hata watoto wakageuka. Upande wa kulia ilipanda juu ya madigadi. Upande wa kushoto uwazi wake ulimeza kidole. Ami alikuwa ameitibu kwa dawa ambayo kila mwenye gari kuukuu anaijua: ukanda wa tyubu ya baiskeli, toka boneti hadi bampa. Haikuwa ujinga. Boneti ya Morris ina bawaba zake nyuma, karibu na kioo, na mdomo wake uko mbele. Komeo likiachia gari likiwa mbioni, upepo huingia chini yake ukaibamiza kwenye kioo, na dereva haoni tena barabara. Ukanda ule ulikuwa bima ya bei nafuu kuliko zote.

Mafundi wawili walikwishapita. Wa kwanza aliikalia. Sisemi kwa mafumbo: alipanda akaketi juu yake upande wa kulia ili aishushe. Wa pili alipaka puti pembeni, akapiga msasa, akapaka rangi, akalipwa. Puti ilipasuka kabla ya mwezi kwisha.

Wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakugusa spana. Aliifungua boneti na kuifunga mara tatu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza hodi. Kisha akapitisha kiganja kwenye uwazi wote, kutoka kioo hadi taa, kulia, kushoto, akarudia. Nikamwuliza, "Vipi fundi, boneti imepinda?"

"Usiisingizie, mwanangu," akasema. "Kwanza tujue nani kahama."

Gari hili lina kisa kinachofaa kusimuliwa hapa, maana boneti ya Morris Minor ilizaliwa kwa kutotosha. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smirna, mji unaoitwa leo Izmir, Uturuki. Gari la majaribio liliitwa Mosquito, yaani mbu, na lilikuwa jembamba kweli. Issigonis alilitazama, likamkera. Akaagiza lipasuliwe katikati toka pua hadi mkia, vipande viwili vikatenganishwa kidogo kidogo mpaka jicho lake likaridhika. Jicho liliridhika kwenye inchi 4. Gari likaonyeshwa London, ukumbi wa Earls Court, mwaka 1948 likiwa na unene mpya, na boneti ikapata ule utepe bapa ulioinuka unaopita katikati yake. Ukiiona Morris leo, pitisha kidole hapo: ndizo inchi 4 zenyewe. Hata bampa za magari ya mwanzo zilikuwa zimekwishatengenezwa kwa kipimo cha zamani, zikakatwa katikati na kuungwa kwa kipande. Yalitengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu kabla ya kusimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na yote yamebeba kovu hilo kifuani. Mimi naliona zuri. Wako wasioliona hivyo: mwenye kampuni, Lord Nuffield, alipolitazama gari kwa mara ya kwanza alilifananisha na yai.

Turudi mkunguni. Mzee aling'oa kwanza pini ya komeo, ile inayoning'inia kwenye mdomo wa boneti. Watu wengi huanza kwa kuikaza hiyo, na ndilo kosa. Pini iliyokazwa huivuta boneti kwa nguvu hadi mahali isipotaka kukaa, na kila kasoro nyingine hujificha nyuma ya nguvu hiyo. Bila pini, boneti hulala itakavyo, na hapo husema kweli.

Ilisema hivi: kule nyuma, karibu na kioo, uwazi ulikuwa sawa pande zote mbili. Uliharibika kadiri ulivyoelekea mbele. Mzee akachuchumaa mbele ya taa na kunionyesha. Zamani gari liligongwa pembeni, upande wa kulia, taratibu, pengine kwenye maegesho tu. Madigadi za mbele za Morris hufungwa kwa bolti, na bolti zina nafasi ya kuchezacheza kwenye matundu yake. Kwa kugongwa kule, pua nzima ikasogea kushoto, madigadi zote mbili na shoo iliyo kati yao. Boneti peke yake ndiyo iliyobaki mahali pake. Na ndiyo iliyokaliwa.

Alichora kwa penseli kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza chochote, ili akitaka kurudi alikotoka asipotee. Bolti za madigadi zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Akazimwagia dizeli, akatuambia turudi kesho. Ami alinung'unika njia nzima.

Kesho yake nikajifunza jambo la spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, na kwa kuwa huingia, watu huitumia. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Zile sehemu tatu za kumi zilizobaki ndizo zinazokula pembe za nati, leo kidogo, mwakani kidogo, mpaka inakuwa mviringo kama shanga. Mzee alikuwa na spana zake za inchi ndani ya kitambaa, hazikopeshwi.

Bolti zilipolegea, aliisukuma pua kwa bega, akiwa na kipande cha katoni kilichokunjwa mara mbili ndicho kipimo chake cha uwazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa kazi hii ufa hauzibwi, unasawazishwa. Katoni ikipita kwa taabu hapa na kulegea pale, anarudi kusukuma. Sehemu iliyokaliwa aliinyoosha kutoka chini, kwa gongo la mbao na kiganja. Nyundo hakuigusa. Akaongeza washa mbili chini ya kila bawaba, kisha akakata mipira miwili ya kuegemeza pembe za mbele, kutoka kwenye tairi la lori, mpira ule ule wa kushonea akala.

Pini ikaja mwisho. Alipaka grisi kwenye ncha yake, akaishusha boneti polepole bila kuibana, akaiinua. Alama ya grisi ilikuwa kando ya tundu, upana wa punje ya mchele. Akasogeza. Akashusha tena. Mara ya nne grisi haikuacha alama popote, maana pini ilikuwa imeingia tunduni bila kugusa ukingo. Ndipo akageuza uzi wa pini kwa bisibisi, akafungia kipande cha gazeti chini ya mdomo wa boneti na kukivuta: kikitoka bure, imelegea, kikichanika, imekazwa mno. Kilitoka kwa kusitasita. Akakaza nati.

Kisha akaifunga mara moja, kwa viganja viwili. Mlio ulikuwa mmoja tu, mfupi, mzito, kama dafu linapoanguka mchangani. Ami alisahau kunung'unika.

Kazi ilichukua siku mbili, na vifaa vipya vilikuwa washa nne. Ule ukanda wa tyubu haukutupwa. Uko kwenye buti, umefungia jeki isigonge.